Tamsin Aliyedondosha Leso

Hebu mwone akifika. Msichana mwembamba amekaa juu ya marobota ya sufi kwenye mkokoteni wa baba yake. Amevua viatu akavipakata ili visipate tope la njiani, na macho yake hayabanduki kwenye madirisha ya lile jumba. Vioo vitupu! Kwao dirisha ni tundu lenye kibao cha kuzuia upepo. Huyo ndiye Tamsin Pollard, na siku hiyo bado anadhani ameletwa kusoma.

Baba yake, Hob, alikuwa na kinu cha kufulia sufi kando ya mto, nje kidogo ya Hadleigh. Alinuka mkojo. Msicheke. Sisi tuliokulia miji ya sufi ya Suffolk sote tumenuka hivyo, maana sufi haitakati mafuta ya kondoo mpaka ilowe kwenye mkojo uliochacha, na mtu akishaizoea kazi hiyo, harufu humwingia hata kwenye nywele.

Maud, mpishi wa jumba, aliwaona tangu langoni akatoka na mwiko mkononi.

"Hob Pollard! Wewe ingia, harufu yako iache hapo nje!"

"Harufu hii ndiyo inayokuvisha, Maud. Hilo gauni lako lilioga kwangu."

"Kumbe ndiyo maana mbwa hawaniachi. Na huyu nani? Mbona mkondefu hivi, unamlisha nyuzi?"

"Huyu wangu wa mwisho. Bwana mkubwa kamwita."

Ni kweli aliitwa. Bwana Ambrose Hatherley alikuwa ameshikwa na homa ya elimu mpya, ile iliyotoka Italia, ya kuwafufua Warumi na Wagiriki wa kale vitabuni. Siku hizo mabwana wengi walishikwa nayo. Zamani bwana alijivunia farasi na mbwa wa kuwindia. Sasa alijivunia binti anayeweza kusimama mbele ya wageni akamwaga Kilatini bila kukohoa. Bwana Ambrose alikuwa na binti mmoja tu, Ursula, mwerevu lakini mvivu, na alikuwa amemwajiri mwalimu kutoka Cambridge, Mwalimu Wadlow, kijana mwenye shingo ndefu na meno mazuri.

Mwalimu huyu hakuamini fimbo. Walimu wa zamani, alisema, walikuwa wakiwapiga watoto kama wanaopura ngano. Elimu mpya inataka mtoto asome kwa hamu. Na mtoto wa kitajiri, ambaye hajawahi kukosa kitu, hamu ataitoa wapi? Mletee wa kushindana naye. Ila asitoke nyumba nyingine kubwa, maana akishinda patazuka uhasama. Atoke kwa mtu mdogo. Kasisi wa Hadleigh ndipo aliposema yupo binti wa mfua sufi aliyejifunza kusoma kwa kuchungulia vitabu vya sala begani kwa watu.

"Kazi yako nyepesi, mtoto," Mwalimu Wadlow alimwambia asubuhi ya kwanza. "Mkimbize bibi mdogo. Akizembea, mpite. Akikata tamaa, mwachie akupite. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu. Na mimi nifike wapi?"

Mwalimu alicheka, akampapasa kichwani, akafungua kitabu.

Miaka ikaenda. Asubuhi yote hadi chakula cha mchana hapakusemwa neno la Kiingereza katika chumba kile. Aliyeteleza alikula mkate wake bila siagi. Walichukua ukurasa wa Kilatini wakaugeuza Kiingereza, kisha kitabu kikafungwa, wakaurudisha Kilatini kutoka kwenye Kiingereza chao wenyewe, halafu wakaona nani amekaribia zaidi. Tamsin ndiye aliyekaribia zaidi. Si kila siku. Alijifunza kukosea kwa kipimo, kama mpishi anavyojifunza chumvi, na Ursula akishinda uso wake uliwaka, na siku ile nyumba nzima ilikuwa na raha.

Lakini msidhani walichukiana. Walilala kitanda kimoja, wakachanana nywele, wakaugua surua pamoja. Ursula alikuwa na ugonjwa mmoja: akisimama mbele ya watu wazima, hasa baba yake, maneno yalimkauka mdomoni, akabaki kutumbua macho. Hapo Tamsin alimwokoa. Alisema upuuzi fulani mkubwa kusudi, kosa ambalo hata paka wa jikoni angelishtukia, na Ursula akilisikia, akili ilimrudi. Alilidaka kosa lile, akamsahihisha mwenziwe, akaendelea na hotuba kama mto. Ursula mwenyewe ndiye aliyeubatiza mchezo huo. Wanawake wa ukumbini, wakitaka mwanamume fulani ajione shujaa, hudondosha leso aiokote. "Nidondoshee leso, Tam," alimnong'oneza kabla ya kuingia kwa wageni. "Ukiniona nimekuwa jiwe, nidondoshee."

Ahadi ilitolewa kwenye bustani ya matufaha, wamekaa juu ya ngazi ya kuchumia, midomo imejaa.

"Nikiolewa tunakwenda wote," Ursula alisema.

"Mumeo atapenda?"

"Asipopenda akaoe mbuzi. Nani atasoma na mimi? Utakuwa na meza yako, dirisha lako, na vitabu vyangu vyote ni vyako. Na watoto wangu utawafundisha wewe, maana mimi nitawapiga."

"Apa."

"Naapa kwa Mama Maria na kwa hili tufaha."

Tamsin alicheka, lakini maneno yale aliyaweka moyoni, na hakuna siku aliyolala bila kuyatazama. Hakutamani mume. Hakutamani lulu. Alitamani meza na dirisha, na Ursula ng'ambo ya meza akipiga miayo. Kama asingekwenda na Ursula, angerudi kinuni; njia nyingine haikuwepo. Hakuna shule iliyofundisha wasichana, na nyumba ya watawa wa kike iliyokuwa karibu Mfalme alikuwa ameshaifunga, mawe yake watu wakayabeba kujengea mazizi.

Mchumba alipatikana Kent. Baba wa kijana, Bwana Everard Tolhurst, alikuja mwenyewe kumwangalia mkwe, mzee mnene mwenye pete kila kidole, aliyeugua homa ileile ya Bwana Ambrose, tena vibaya zaidi. Kwake alikuwa na vichwa vya udongo vya makaisari wa Roma vimepangwa ukutani, na alisema hadharani kwamba hatamtoa mwanawe kwa binti asiyejua kujadili. Basi ikapangwa baada ya chakula Ursula ajadili na mwenzake: je, Hannibal, baada ya kuwashinda Warumi uwanjani, ilimpasa aende moja kwa moja akauteke mji wenyewe? Ursula aseme ndiyo, Tamsin aseme hapana.

"Leo usishinde," Mwalimu Wadlow alimwambia mlangoni, akimweka kola sawa. "Tafadhali."

"Nimewahi kushinda mbele ya wageni, mwalimu?"

Ukumbi ulijaa. Samaki wa mikunga waliookwa walikuwa bado mezani, na Bwana Everard alikuwa akijichokoa meno. Tamsin alianza, akasema vizuri, si vizuri sana. Ikawa zamu ya Ursula. Akasimama. Akafungua kinywa. Bwana Ambrose akasogea mbele kwenye kiti chake, na pale tu Ursula alipoona baba yake amesogea, akawa jiwe.

Kimya. Mtu akakohoa. Mama yake Ursula, Bibi Philippa, akaanza kuzungusha pete. Bwana Everard akaacha kuchokoa meno.

Tamsin hakufikiri, mguu hufikiri ukiteleza? Aliinuka kana kwamba amekasirishwa na ukimya, akasema kwa Kilatini, kwa sauti kubwa, kwamba hoja ya mwenziwe haina maana, kwa sababu Hannibal alikuwa ameshachoka sana kwa kuwaleta tembo wake wote kwa meli mpaka mtoni pale Roma.

Naam, kila aliyeonja elimu hata kwa ncha ya ulimi anajua tembo wale walipita milimani, kwenye theluji. Kasisi akaguna. Na Ursula, masikini, akazinduka. Rangi ikamrudi mashavuni. Akalidaka.

"Kwa meli?" akasema kwa Kilatini kitamu. "Enyi mabwana, msameheni mwenzangu. Nadhani anakumbuka aliyoyaona kwao. Huenda Hannibal aliwapeleka tembo wale kwa baba yake, wakalowekwe mkojo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wasiojua Kilatini walitafsiriwa, wakacheka mara ya pili. Hilo la mkojo halikuwa kwenye mchezo wao. Lilimjia Ursula papo hapo, na lilipotoka, Tamsin aliona macho ya mwenzake yameshtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga kidole cha mtu. Lakini kicheko kilimbeba, akaendelea. Alisema vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Bwana Ambrose alipiga meza kwa furaha, na Tamsin, huku masikio yanamchoma, alifurahi pia. Kweli alifurahi. Alijua ameiokoa ndoa, na kwa kuiokoa ameiokoa meza na dirisha.

Bwana Everard akapangusa machozi ya kicheko. "Huyu nimempokea! Mwanangu ana bahati. Ila nambieni, huyo mwingine, binti wa tembo, naye ni wa kuja Kent?"

"Ndivyo tulivyowaza," Bibi Philippa alisema. "Wamezoeana."

"La hasha, bibi yangu. Wahenga wa Roma walitaka hata yaya awe na ulimi safi, maana mtoto hunyonya maneno pamoja na maziwa. Kwangu hata mshika mshumaa hana Kilatini kibovu. Huyu atawaharibu wajukuu zangu kabla hawajaota meno! Mrudisheni kwa tembo zake."

Wakacheka tena. Bwana Ambrose akatikisa mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Hilo dogo, Everard. Msichana tutamwachia aende kwao."

Tamsin alimtazama Ursula. Lilihitajika neno moja. *Alifanya kusudi.* Watu watatu katika ukumbi ule walilijua: yeye, Ursula, na Mwalimu Wadlow aliyesimama ukutani. Yeye mwenyewe hangeweza kulisema, maana akilisema amemvua Ursula nguo mbele ya mkwewe. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Bwana Everard alikuwa ameshamwuliza mwalimu huyo kama angependa kuja Kent kutunza vitabu. Na Ursula? Ursula alinyoosha mkono kwenye sahani, akachukua kipande cha tunda la sukari, akakitia mdomoni, akatafuna polepole sana, kama mtu ambaye mdomo wake una kazi na hauwezi kusema.

Baadaye mwalimu alimkuta Tamsin kwenye ngazi. "Nilijua," alisema. "Ile haikuwa bahati mbaya."

"Nashukuru, mwalimu."

"Usinitazame hivyo. Mimi nami nina mama wa kulisha."

"Mimi nina tembo," Tamsin alisema, akampita.

Kabla ya harusi akaletwa mchoraji wa Flanders, Joos, kumchora Ursula na kitabu mkononi, maana mtindo mpya ulitaka bwana harusi aone elimu pamoja na lulu. Ursula aliketi kwa ajili ya uso, akachoka. Kwa mikono na mavazi, kama desturi ya wachoraji ilivyo, huketi mtu mwingine. Basi Tamsin akavishwa gauni la Ursula, mikufu ya Ursula, akapewa kitabu, akaambiwa asitikisike.

"Unasoma," Joos alisema bila kuinua kichwa.

"Sisomi."

"Macho yanatembea. Sijali, macho yako siyachori. Ila nimechora wengi wanaoshika kitabu kama samaki aliyeoza. Wewe unakishika kama mtu anayeogopa kunyang'anywa."

Ursula aliingia wakati huo. Akasimama, akamwona Tamsin ndani ya nguo zake. Joos, mtu mwenye adabu, alikwenda kutafuta mafuta ya rangi ambayo hakuyahitaji.

"Limekukaa vizuri," Ursula alisema hatimaye.

"Kiunoni linabana. Ursi, kwa nini hukusema?"

"Nitamwomba baadaye. Nikishaolewa, nikishapata mtoto wa kiume, atanisikiliza, nitakuita…"

"Sikuuliza hilo."

Ursula akaketi sakafuni juu ya matete yaliyotandazwa, kama walivyokuwa wakiketi utotoni. "Baba alinitazama," alisema. "Ulimwona? Hajawahi kunitazama vile. Ningesema, angejua kwamba siku zote ilikuwa wewe. Si siku ile tu, Tam. Siku zote."

Tamsin alitaka kumpiga. Alitaka pia kushuka pale kitini amkumbatie, lakini aliambiwa asitikisike, na gauni halikuwa lake. Akabaki vile na kitabu mkononi, machozi yanamshukia shingoni na kulowesha lulu za watu.

Aliondoka wiki ya harusi, kwa mkokoteni uleule wa sufi. Ursula hakutoka kumuaga. Alikuwa anapimwa viatu. Maud peke yake ndiye aliyekuja, akamsukumizia pai ya nyama mikononi. "Kula njiani, mwana Kilatini. Na usilie, utaitia chumvi." Kisha akalia yeye.

Sasa, ndugu zangu, maisha yaliyobaki ni marefu lakini yanasimuliwa upesi. Hob alikufa, Tamsin akakishika kinu pamoja na mumewe, Humfrey Dow, mwendesha mkokoteni, mtu mwema asiyejua hata kuandika jina lake. Humfrey alijivuna naye kupita kiasi. Kwenye kilabu cha pombe alikuwa akimvuta katikati: "Mke wangu, hebu wasemeze hawa jamaa kile cha mapadri!" Tamsin alikubali mara moja tu. Alisimama akasema kwa Kilatini kwamba alikuwa na rafiki, na kwamba hajui kama amekufa au amemsahau, na kwamba lipi ni baya zaidi hajui. Wote wakapiga makofi, wakasema lugha hiyo inachekesha, inalia kama bata. Humfrey naye alicheka, kisha akamwona uso, akaacha. Hakumwomba tena, na kuanzia siku hiyo akiwasikia watu wanamwomba mkewe, aliwanunulia pombe wanyamaze.

Kutoka Kent halikuja neno. Tamsin alisubiri, halafu akaacha kusubiri, halafu siku moja akashtuka kwamba alikuwa bado anasubiri.

Mahali alipokuwa akisema Kilatini ni kinuni. Gurudumu la maji lilinyanyua nyundo za mbao zikaanguka juu ya sufi, na kelele zake hazikuruhusu mtu kumsikia mwenziwe. Hapo chini ya kelele Tamsin alizisoma kurasa zote zilizobaki kichwani, hotuba zote, za Ursula na zake. Alidhani hasikiki. Alikuwa na binti, Sabin, aliyezoea kukaa miguuni pake akiokota nyuzi. Siku moja maji yalipungua, nyundo zikasimama ghafla, na katika kimya kile mtoto akaumalizia mstari ambao mama yake alikuwa ameukatiza.

Tamsin alimpiga kofi. Hakuwa amewahi kumpiga kabla ya hapo. Kisha akamwinua, akamkumbatia juu ya sufi mbichi, na tangu siku hiyo akamfundisha. Kwa siri, kama mtu anayempa mtoto wake pombe. Sabin alikuwa na kichwa kizuri kuliko yeye. Alikuwa na njaa ya maneno. Hakujua kukosea kwa kipimo. Akishinda, alishinda, akaruka kama mwana-mbuzi.

Bwana Ambrose alipokufa, Ursula alirudi Suffolk kumzika. Siku ya pili farasi walisimama mbele ya kinu, na mwanamke mnene aliyevaa nyeusi akashuka, akajiziba pua kwa kitambaa, kisha akaona aibu, akakishusha.

"Tam."

"Bibi Tolhurst."

"Usiniite hivyo, nakuomba."

Walikaa juu ya marobota. Ursula alisema amezika watoto watatu na amebaki na mmoja, Margery. Alisema mkwe wake alikufa zamani, na kwamba angeweza kumwita Tamsin tangu mwaka ule, lakini kila alipotaka aliona haya, na kadiri miaka ilivyozidi haya ikazidi. Alisema ile siku anaiota. Tamsin alisikiliza. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga kwa miaka chini ya zile nyundo aliyatafuta, hakuliona hata moja. Aliona tu kwamba Ursula ameota mvi upande mmoja, pale alipokuwa akipenda kuchanwa.

"Huyu nani?" Ursula aliuliza. Sabin alikuwa mlangoni. Bila haya akamwamkia kwa Kilatini, kirefu, safi, chenye matawi. Ursula akamgeukia Tamsin.

"Margery wangu ni mzito," alisema kwa sauti ya chini. "Si mjinga, mzito. Anahitaji mtu wa kumkimbiza. Nipe huyu, Tam. Atakula mezani kwangu. Vitabu vyote vitakuwa vyake. Nitamweka kama mwanangu. Safari hii nitatimiza, naapa, mimi si mtoto tena. Hapa ataishia wapi? Kunuka?"

"Margery akiolewa?"

Ursula alifungua kinywa, na Tamsin akauona tena ule uso wa zamani, uso wa jiwe, ukisubiri mtu aseme chochote. Safari hii hakumsaidia.

"Kesho asubuhi naondoka," Ursula alisema mwishoni, akiinuka. "Nitapita hapa."

Usiku ule Humfrey alisema hilo ni lake mama, yeye hana kauli kwenye mambo ya vitabu. Sabin alikunja nguo zake mbili, akaziweka karibu na mlango, akalala juu yake, asije akaachwa. Na asubuhi, farasi waliposikika darajani, alimshika mama yake mkono akamtazama kwa macho ambayo yangeweza kusoma kila kitu duniani, isipokuwa lile ambalo mama yake analijua. Wewe ungemwachilia?